Filamu na nyimbo za taifa hazitunzwi kwa fadhila

P. K. Nair, aliyeijenga Hifadhi ya Taifa ya Filamu ya India, alifariki dunia mjini Pune tarehe 4 Machi 2016 akiwa na umri wa miaka 82. Tangu siku hiyo jina lake hutajwa kila wanapokutana wapenzi wa sinema za kale, na sifa anazopewa ni haki yake kamili. Hata hivyo gazeti hili linaona hatari ndani ya sifa hizo. Mtu anaposifiwa mno kwa kazi iliyopaswa kufanywa na ofisi, ofisi hupata pa kujificha. Na wananchi nao huzoea kuamini kwamba urithi wao utalindwa na mtu mwenye moyo, ambaye siku moja atajitokeza, atafanya kazi ya watu hamsini kwa mshahara wa mmoja, kisha atastaafu. Tunamkumbuka Nair kwa heshima. Tunamkumbuka pia kwa sababu maisha yake ni ushahidi dhidi ya kila mamlaka iliyokabidhiwa mali ya umma ikaiacha ioze.

Alizaliwa mwaka 1933 Thiruvananthapuram, kusini kabisa mwa India. Utotoni alitazama filamu akiwa amekaa kwenye mchanga wa sakafu ya ukumbi, na tiketi ambazo wenzake walizitupa yeye alizitia mfukoni akaziweka. Alisomea sayansi, akaenda Bombay kujifunza utengenezaji wa filamu karibu na magwiji kama Mehboob Khan na Bimal Roy, na huko akatambua kwamba nafasi yake haikuwa nyuma ya kamera. Mwaka 1961 aliajiriwa na Taasisi ya Filamu iliyofunguliwa Pune katika eneo la iliyokuwa studio ya Prabhat. Hifadhi yenyewe ilianzishwa 1964, naye akaingia mwaka uliofuata kama mtunzaji msaidizi. Hakupewa cheo cha mkurugenzi hadi 1982, na akastaafu 1991. Alipoondoka aliacha filamu zipatazo 12,000, kiasi cha 8,000 kati ya hizo zikiwa za India.

Idadi hiyo inapendeza machoni, lakini ukubwa wake hauonekani mpaka msomaji ajue alikuta nini. India ilitengeneza filamu zisizo na sauti zaidi ya elfu moja kabla ya mwaka 1931, na zilizobaki zikiwa nzima au karibu nzima zinahesabika kwa vidole. Raja Harishchandra ya Dadasaheb Phalke, ya mwaka 1913, ambayo Wahindi huihesabu kuwa mwanzo wa sinema yao, imesalia kwa sehemu tu. Kaliya Mardan ya 1919, ambamo binti wa Phalke mwenyewe, Mandakini, anaigiza kama Krishna mtoto, ilikuwa vipande visivyojulikana kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Nair alisafiri hadi Nashik kwa jamaa za Phalke, akakusanya kilichokuwepo, akakipanga kwa kufuata maandishi yaliyoachwa na Phalke mwenyewe. Kazi hiyo haikuwa na shangwe wala mkasi wa kukata utepe. Ni kazi ya mtu anayeinama juu ya meza siku nzima akilinganisha fremu na daftari, na jioni akiondoka na jambo moja dogo ambalo jana yake halikujulikana.

Inafaa kueleza kwa nini mikanda ilitoweka, maana watu wengi hudhani vitu vya kale hupotea kwa sababu ya ukale. Mikanda iliyotumika duniani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kikishashika hata maji hayakizimi. Joto na unyevu huiozesha taratibu hadi igeuke kuwa gundi na hatimaye unga. Juu ya hayo, picha iliyo kwenye mkanda imeshikwa na fedha, madini yenye bei sokoni. Filamu ikishamaliza mzunguko wake kumbini, mwenye nayo alikuwa na makopo mazito, hatari kwa moto, yanayochukua nafasi ya kulipia. Na upande wa pili alikuwepo mnunuzi aliye tayari kutoa pesa taslimu ili aoshe mkanda na kutoa fedha iliyomo. Kati ya mambo hayo mawili, sehemu kubwa ya sinema ya dunia iliangamia.

Mfano mzito kuliko yote ni Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, iliyotoka Machi 1931 chini ya uongozi wa Ardeshir Irani. Ilikuwa na nyimbo saba, na kwa nyimbo hizo ilifungua mlango ambao filamu ya Kihindi haijawahi kuufunga hadi leo. Nair alimfuata Irani, ambaye alikuwa amezeeka, naye akamwambia kwamba yapo makopo machache mahali fulani, na kwamba mwanawe angemwonyesha. Baadaye mwana huyo alimweleza Nair ukweli ambao baba hakuujua: makopo yale alikwisha kuyauza yeye mwenyewe, yakatolewa fedha. Leo kilichobaki ni picha za matangazo na karatasi. Filamu iliyoipa India sauti haisikiki.

Gazeti hili halimhukumu mtoto wa Irani. Alikuwa mfanyabiashara mwenye mzigo usioingiza chochote, katika nchi ambayo sheria haikumtaka autunze na ambayo, kwa miaka mingi, haikuwa na mlango wa kubisha ili aupeleke. Wala hatusemi kwamba mali binafsi igeuzwe ya serikali kwa kuwa tu imezeeka. Mwenye mali ana haki yake, na haki hiyo ina uzito. Lakini haki ya mtu kumiliki kopo haiondoi haki ya jamii kukumbuka kilichomo, na pale haki hizo mbili zinapogongana ni dola peke yake yenye uwezo wa kuzipatanisha: kwa kununua, kwa kunakili, kwa kulipia ghala, kwa kuweka sheria kabla mnunuzi wa fedha hajafika. Dola ya India ilichelewa kwa miaka thelathini na mitatu, kutoka 1931 hadi 1964. Mtoto wa Irani aliuza katikati ya ukimya huo.

Kwa msomaji wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, jambo hili haliko mbali hata kidogo. Filamu za Kihindi zilijaza kumbi za pwani yetu kwa vizazi. Awaara ya 1951 na Mother India ya 1957 zilitazamwa hapa na watu wasiojua neno la Kihindi, wakarudi nyumbani wakiwa wameshika wimbo. Watunzi wa taarab waliuchukua mdundo huo wakautia maneno ya Kiswahili, na marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliifanya njia hiyo kuwa sanaa inayojitegemea, yenye wapenzi waliomfuata hadi alipofariki 2014. Tena uhusiano huo haukuanza na sinema yenye sauti. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti ya mwanamke wa Kiswahili ikapita katika mitambo ile ile ya jiji ambalo miaka mitatu baadaye lingetoa Alam Ara. Sehemu ya masikio yetu iko katika makopo ya Pune. Anayeyatunza anatutunza nasi, na anayeyaacha yaungue anatupunguza.

Wapo watakaosema nyimbo zilibaki hata kama filamu zilikwenda, kwa kuwa santuri zilikuwepo. Ni kweli kwa kiasi. Lakini santuri ya zamani ilibeba kama dakika tatu kila upande, kwa hiyo wimbo uliowekwa humo mara nyingi ulikatwa beti au ulirekodiwa upya, tofauti na ule ulioimbwa kwenye filamu. Walioketi kumbini walisikia wimbo mrefu zaidi, ukiwa na hatua za mchezo, mlio wa mlango na kilio cha mama ndani yake. Wimbo huo wenye urefu wake uko katika ukanda mwembamba wa sauti uliochapwa pembeni ya picha, kwenye mkanda uleule wa filamu, na picha ikiteketea nao huteketea. Atunzaye filamu basi anatunza muziki, na wizara inayoziweka sinema katika idara moja na muziki katika nyingine, kila moja ikisubiri mwenzake aanze, haijauelewa mzigo iliobebeshwa.

Nair aliuelewa. Hakuishia kwa Phalke. Alifuata filamu za studio ya Bombay Talkies, miongoni mwao Achhut Kanya ya 1936 na Kismet ya 1943. Alifuata Chandralekha ya Madras na Kalpana ya mcheza ngoma mashuhuri Uday Shankar, zote mbili za 1948. Hii ya mwisho ilishindwa sokoni ilipotoka, na kwa vipimo vya mhasibu haikustahili kabati. Mwaka 2012, miaka ishirini na mmoja baada ya Nair kustaafu, Kalpana ilionyeshwa Cannes ikiwa imekarabatiwa, na watu waliokuwa hawajazaliwa ilipotoka wakaiona. Hakuna afisa wa mwaka 1970 ambaye angeweza kutabiri hilo, na ndiyo maana Nair alishikilia msimamo kwamba kazi ya mtunzaji si kuchagua filamu nzuri na kuacha mbaya. Mtunzaji hajui kesho itataka nini.

Msimamo huo una gharama, na hatupaswi kujifanya hauna. Kutunza kila kitu ni kulipia ghala la baridi kwa ajili ya vitu ambavyo vingi havitaombwa na mtu kwa miaka hamsini. Afisa anayelazimika kuchagua ana hoja. Lakini historia ya uchaguzi wa maofisa ni mbaya kiasi kwamba hoja hiyo haiwezi kuaminiwa tena. Hata Shirika la Utangazaji la Uingereza, lenye fedha na wasomi wa kila aina, lilifuta vipindi vingi vya televisheni vya miaka ya 1960 na 1970 ili kanda zitumike tena, kwa kuwa wakubwa wa wakati huo waliamini havitarushwa tena. Leo nchi nzima inavisaka kwa watu binafsi na katika vituo vya nchi za mbali. Kila mamlaka inapopewa kisu cha kuchagua, huanza kukata kilicho cha watu wa kawaida: wimbo wa dansi, kichekesho, tamthilia ya redio. Hotuba ya waziri huwekwa. Aliyekuwa akiimba kabla na baada ya hotuba hiyo hufutwa, ingawa ni yeye aliyewafanya watu wasizime redio.

Hapa ndipo tunapofika nyumbani. Tanzania iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa na chombo kama hicho. Katika miaka ya 1970 ikatoka Fimbo ya Mnyonge, iliyobeba siasa ya Ujamaa kwenye skrini. Mwaka 1985 ikatoka Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Kampuni hiyo haipo tena. Redio Tanzania Dar es Salaam nayo, kwa miaka mingi, ndiyo iliyokuwa studio ya bendi za nchi: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na nyingine nyingi zilisimama mbele ya vipaza sauti vyake, na kanda zikawekwa rafuni. Mbaraka alifariki Januari 1979. Kila anayesikia sauti yake leo anaisikia kwa sababu mtu fulani, ambaye hajatunukiwa nishani, hakufuta kanda. Zanzibar ina taarab yake katika kanda za redio ya serikali. Kenya ina hazina ya iliyokuwa Sauti ya Kenya.

Na kanda hizo haziko salama kwa kuwa tu ziko ndani ya jengo la serikali. Mikanda ya asetati iliyochukua nafasi ya naitreti haiwaki kirahisi, lakini ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu kali ya siki, na mmoja ulioanza kuoza unaharakisha kuoza kwa jirani zake. Kanda za sauti hupoteza gundi inayoshika unga wa sumaku, zikichezwa huacha muziki wenyewe kwenye kichwa cha mashine. Adui wa vyote viwili ni hewa ileile tunayoivuta pwani. Kiyoyozi kinachozimwa wikiendi ili kupunguza ankara ya umeme nacho huleta madhara, kwa sababu kupanda na kushuka kwa joto na unyevu huuchosha mkanda. Mashine za kuchezea nazo zimeacha kutengenezwa. Fundi anayezijua ni mtu mzima, na akistaafu bila mwanafunzi, kanda iliyo nzima inakuwa sawa na iliyoungua.

Tunajua jibu litakalotolewa. Litasema hospitali hazina dawa za kutosha, shule hazina madawati, na nchi haiwezi kulipia baridi ya nyimbo za zamani wakati watoto wanakaa chini. Hoja hii ni nzito, na mwandishi yeyote anayeipuuza hajatembea vijijini. Lakini tuiweke kwenye mizani kwa uaminifu. Kwanza, hifadhi ya filamu na sauti haishindani na dawa katika bajeti. Inashindana na makongamano, magari na sherehe, na mbele ya hivyo haiombi sana. Pili, dawati lisilonunuliwa mwaka huu laweza kununuliwa mwaka ujao, ingawa kwa aibu. Kanda iliyooza mwaka huu hainunuliki tena kwa bajeti yoyote. Serikali inayopima mambo haya mawili kwa kipimo kimoja haijakosa fedha, imekosa kutofautisha kinachoweza kusubiri na kisichoweza.

Jibu la pili ni jipya zaidi na lina mvuto: kwamba kila kitu kigeuzwe kuwa cha kidijitali, makopo yatupwe, mambo yaishe. Gazeti hili linaunga mkono unakili wa kidijitali kwa nguvu zote, kwa sababu unafikisha wimbo kwa watu na unapunguza kuchezwa kwa kanda dhaifu. Lakini faili haijitunzi. Diski huharibika, mifumo hubadilika, na nakala isiyohamishwa kila baada ya miaka michache hufa bila hata kutoa harufu. Angalia filamu za Kiswahili za miaka ya 2000, zilizouzwa kwa maelfu katika diski na kumfanya marehemu Steven Kanumba ajulikane kutoka Bujumbura hadi Lubumbashi. Ni za juzi tu, zilizaliwa zikiwa za kidijitali, na bado anayetafuta nakala safi ya baadhi yake hujikuta akibembeleza mwenye diski iliyokwaruzika. Mkanda wa asili uliotunzwa kwenye baridi unaweza kunakiliwa upya kila mitambo inapoboreka. Ukitupwa, taifa linabaki na ubora wa siku ile tu uliponakiliwa, na makosa yote ya siku ile.

Kuna pia suala la jasho la wasanii, ambalo wizara na vituo vya utangazaji vimelikwepa mno. Familia za wanamuziki wa bendi za zamani zina haki ya kuuliza ni nani atalipwa hazina hii ikianza kuuzwa, na zinayo haki ya kutoridhika na majibu ya mkato. Upande wa pili, hofu ya madai hayo isiwe sababu ya kufungia kanda gizani hadi zioze, kwa sababu kanda iliyooza haimlipi mjane wa mtu. Kulinda na kugawa mapato ni mambo mawili. La kwanza halisubiri la pili. Vivyo hivyo kwa wafadhili wa kigeni wanaojitolea kunakili: wakaribishwe, washukuriwe, lakini nakala bora ibaki nchini, mkataba usomwe na wanasheria wa umma, na orodha ya kilichotoka na kilichorudi iwekwe wazi.

Turudi kwa Nair, maana miaka iliyofuata kustaafu kwake inafundisha kuliko miaka ya utumishi wake. Januari 2003 moto uliwaka katika ghala la mikanda ya naitreti huko Pune na kuteketeza filamu zaidi ya 600, katika makopo zaidi ya 5,000. Filamu ya maisha yake, Celluloid Man ya Shivendra Singh Dungarpur, iliyotoka 2012, inamwonyesha mzee akirudi mahali alipofanyia kazi na kutazama makopo yenye kutu. Baadaye serikali ya India iliamka: ikaanzisha mpango wa kitaifa wa urithi wa filamu na kuutengea karibu rupia bilioni sita, fedha ambazo Nair hakuwahi kuziota alipokuwa kazini. Tunapongeza uamuzi huo. Lakini haiwezekani kuusoma bila kuona kwamba ulikuja baada ya moto, na kwamba uwezo ulikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni kuuona utunzaji kuwa wajibu wa ofisi, wenye mrithi, wenye fungu lake, usioyumba mtu mmoja anapokabidhi funguo.

Nair mwenyewe hakuwa mlinzi wa kufuli. Wanafunzi wa taasisi ile, akina Adoor Gopalakrishnan, Mani Kaul na Kumar Shahani, walikulia katika filamu alizozifungua kutoka makopo yake, na baadaye wao wenyewe wakaibadilisha sinema ya India. Alipeleka filamu hadi Heggodu, kijiji cha Karnataka, ambako wakulima walitazama kazi za magwiji wa dunia na kuzijadili bila kuomba radhi kwa mtu. Alikaa kumbini akiwa na tochi na daftari, akiandika kila kopo linaanza na kuisha vipi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali msemo huo unapogusa kwa uchungu zaidi kuliko kwenye rafu ya kanda zisizo na orodha, ambako hata wizi haugunduliki, kwa kuwa hakuna aliyejua kilichokuwepo.

Wajibu, kwa hiyo, unaanza na orodha. Chombo chochote cha umma chenye kanda au mikanda, kiwe redio, televisheni, chuo au idara ya habari, kinapaswa kuwaeleza wananchi kina nini, katika hali gani, na kipi kinaanza kuoza. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji karani, kalamu na mkubwa atakayeuliza kila mwezi kazi imefika wapi. Baada ya orodha ndipo chumba cha baridi chenye umeme wa akiba, na nafasi ya ajira ya mtunzaji yenye ngazi ya mshahara inayomfanya kijana msomi aitamani, pamoja na msaidizi anayejifunza kabla mkubwa wake hajaondoka. Mkurugenzi anayehamishia katika hifadhi watumishi aliowachoka, kana kwamba hapo ni mahali pa kumalizia siku, anafanya uharibifu ambao moto hufanya kwa saa moja.

Sheria nayo ina pengo. Tanzania imekuwa na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tangu 1976, na Kenya ina yake ya zamani zaidi. Sheria hizo zilizaliwa na shauku ya kukagua: kujua filamu ina nini kabla watu hawajaiona. Dola iliyo makini kiasi hicho juu ya filamu kabla haijaonyeshwa haina udhuru wa kutojali inakokwenda baada ya kuonyeshwa. Mwenye kitabu hutakiwa kuweka nakala katika maktaba ya taifa. Mwenye filamu anayeomba kibali, na mwenye wimbo anayeomba ulinzi wa hakimiliki, watakiwe vivyo hivyo kuweka nakala safi katika hifadhi ya umma, bila kupoteza haki yao hata senti moja, na dola nayo ibanwe kisheria kuitunza. UNESCO ilizitaka nchi wanachama zilinde picha zinazotembea tangu tarehe 27 Oktoba 1980, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa duniani. Maadhimisho yasiyo na sheria nyuma yake ni karamu.

Wenye kumbi za zamani, wasambazaji, watoto wa wapiga picha na wakusanyaji wa santuri nao hawana kinga. Kila aliye na kopo chini ya kitanda anashika kitu ambacho huenda hakipo pengine popote. Asikiuze kwa mwenye kupita, asikiache juani, na asikatae kinakiliwe kwa sababu tu anaamini siku moja kitamtajirisha. Lakini tunarudia kwamba mwananchi huyu hawezi kuambiwa atimize wajibu wake mbele ya mlango usiokuwepo. Anahitaji anuani, mtu wa kumpokea, risiti, na uhakika kwamba akirudi baada ya miaka mitano atakikuta.

Bajeti za wizara zinazosimamia habari, sanaa na utamaduni husomwa Dodoma kila mwaka kabla ya Julai, na za Nairobi na Zanzibar nazo zina siku zake. Wabunge na wawakilishi wataulizwa na wapiga kura wao kuhusu barabara na maji, na ni sawa waulizwe hivyo. Gazeti hili linawataka waongeze maswali matatu na wasikubali kukaa kabla hawajajibiwa kwa takwimu: kanda na mikanda ya umma ni mingapi, mingapi imeharibika tangu bajeti iliyopita, na ni afisa gani, kwa cheo chake, anayewajibika kwa iliyobaki. Waziri asiyekuwa na majibu apewe siku thelathini kuyaleta, na fungu la hifadhi lipigiwe kura likiwa na majibu hayo mezani.